Jinsi ya kusimulia historia ya bandari ya Jinja kwa picha za zamani: mwongozo kamili, kutoka albamu ya nyumbani hadi ukutani

Wengi wanaokusanya picha za zamani za Jinja, mji wa Uganda ulio kando ya Ziwa Viktoria, huishia mahali pamoja: folda imejaa kwenye simu, na kila picha imeandikwa "Jinja ya zamani". Picha zinapendwa, zinasambazwa, kisha mtu anauliza, "Hii ni ya mwaka gani?" Hapo jibu hukosekana, au hutolewa la kubahatisha, na kesho yake linanukuliwa kana kwamba ni ukweli. Picha ya Kisumu inaitwa Jinja. Maporomoko ya Bujagali yanaitwa Ripon. Meli iliyoanza kazi 1961 inawekwa kwenye miaka ya vita.

Tatizo si uhaba wa picha. Tatizo ni kwamba watu huanza na simulizi halafu wanatafuta picha za kuipamba. Hapa tutaanza na picha yenyewe, tuiulize ni ya wapi na ya lini, ndipo tuipe nafasi katika hadithi. Mifano yangu ni ya Jinja, ila aliyeko Port Bell au Entebbe anaweza kufuata hatua hizihizi.

## Vifaa utakavyohitaji

- Skana bapa ya mezani, au simu yenye kamera nzuri pamoja na kishikio cha kuitega juu ya meza
- Rula ndogo ya kuweka kando ya picha
- Kioo cha kukuzia, kile wanachotumia mafundi saa
- Penseli laini (2B inafaa); kalamu ya wino usiikaribie picha
- Brashi laini na kitambaa kikavu cha pamba
- Bahasha za karatasi safi, moja kwa kila picha
- Daftari gumu, na lahajedwali kwenye kompyuta
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala
- Fomu fupi ya ruhusa ya mwenye picha, nakala mbilimbili
- Ramani ya Jinja, ya karatasi au ya simu, inayoonyesha mto, reli na gati

Gharama kubwa hapo ni skana. Usiponunua, tafuta duka la fotokopi lenye skana nzuri na ukae na fundi mwenyewe. Sababu utaiona kwenye hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Chagua sehemu ndogo, si mji mzima

"Historia ya Jinja" ni pana mno. Chagua sehemu mtu anayoweza kuitembea kwa miguu: gati na maghala yake, stesheni ya reli, kipande cha Main Street, mdomo wa Mto Nile ulipokuwa maporomoko ya Ripon, Masese wanakoshusha samaki, au nyumba za wafanyakazi za Walukuba.

Faida yake ni kwamba picha zinaanza kusaidiana. Ukiwa na picha kumi za gati lilelile, ukuta usiojulikana katika ya tatu utatambulika kutoka ya saba. Picha kumi za sehemu kumi hazisaidiani chochote.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja mipaka ya sehemu yako kwa sentensi moja, na mkazi wa pale akaielewa bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Tafuta picha, ukianzia majumbani

Anza na familia za watu waliofanya kazi pale: reli, meli, viwanda vya kuchambua pamba, kiwanda cha nguo cha Nytil, mashamba ya miwa ya Kakira, bwawa la umeme. Mfanyakazi wa reli aliyestaafu mara nyingi ana picha moja tu ya kazini, lakini moja hiyo ina thamani kuliko kadi za posta ishirini, kwa sababu inaonyesha watu wenye majina.

Usiwasahau waliokuwa na studio za picha mjini. Waulize warithi wao kama negativu, yaani filamu zilizotumika kuchapia picha, bado zipo.

Kisha fikiria walioondoka. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, familia nyingi za Jinja ziliondoka na masanduku machache, na albamu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyobebeka. Leo picha za maduka ya Main Street ziko Leicester, London, Toronto na Vancouver. Waandikie kwa heshima. Waambie unachofanya, usiombe picha za asili, omba nakala nzuri na kumbukumbu zao. Kwa wengi wao picha hizo ni msiba wa familia; wape muda.

Baada ya hapo nenda kwenye taasisi. Kampala kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kule Wandegeya, Makumbusho ya Uganda, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Uliza masharti kabla ya kusafiri, na uwe na kitambulisho na barua ya kujieleza.

Mtandaoni kuna hazina tatu za bure ambazo watu hawazitumii vya kutosha. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyiko wa Matson, wenye picha za Uganda za mwaka 1936, maporomoko ya Ripon yakiwemo, na unaweza kupakua faili kubwa kabisa. Chuo Kikuu cha Northwestern kina mkusanyiko wa Humphrey Winterton wa picha za Afrika Mashariki za miaka ya 1860 hadi 1960. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza nayo imeweka wazi picha za iliyokuwa Wizara ya Makoloni.

Onyo: picha za taasisi hizo zilipigwa zaidi na maofisa na wageni. Zinaonyesha bandari kama walivyotaka ionekane: gavana anashuka, meli imepambwa bendera. Wachukuzi waliobeba mizigo wako pembeni, wamekatwa nusu. Ukitegemea mikusanyiko hiyo peke yake utaandika historia ya maofisa. Ndiyo sababu nimekupeleka majumbani kwanza.

## Hatua ya 3: Nakili picha bila kuiharibu

Nawa mikono, ikauke kabisa. Shika picha kwenye kingo. Futa vumbi kwa brashi. Usitumie maji, mate wala dawa ya kusafishia kioo.

Picha iliyogandishwa kwenye albamu za plastiki yenye gundi, zile zilizoenea miaka ya 1970, usiibandue kwa nguvu. Nakili ukurasa mzima kama ulivyo. Picha ikichanika hairudi, na mara nyingi maneno yaliyoandikwa chini yake kwenye albamu ndiyo yenye majibu.

Mipimo ya kuskani ni hii:

- Picha ya karatasi ya ukubwa wa kawaida: dpi (nukta kwa inchi) 600
- Picha ndogo kama ya pasipoti: dpi 1200
- Negativu ya milimita 35: dpi 2400 au zaidi

Skani kwa rangi, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Rangi ya karatasi na doa la wino ni ushahidi. Hifadhi kama TIFF, faili isiyopoteza ubora, halafu tengeneza JPEG, faili ndogo, ya kusambaza. Skani upande wa nyuma pia, kila mara, hata ukiwa mtupu. Mhuri hafifu wa studio au alama ya kampuni ya karatasi huonekana vizuri zaidi kwenye skrini kuliko kwa macho.

Ukiwa kwenye duka la fotokopi, mwambie fundi waziwazi: 600, TIFF, rangi, wala asiiweke kwenye PDF. Mazoea yao ni kuskani barua za maombi ya kazi, na mashine huwa imetegeshwa chini sana. Picha iliyonakiliwa vibaya inaonekana safi kwenye simu, ila ukiikuza kusoma namba ya behewa unakuta ukungu mtupu.

Ukitumia simu, fanya kazi barazani kwenye kivuli mchana. Usiwashe flashi. Tega simu ielekee chini moja kwa moja, weka rula kando ya picha, hakikisha pembe nne zote zinaonekana na hazijapinda. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, maana programu hiyo hubana picha na kuipunguzia ubora.

Onyo kuhusu negativu: zikinuka siki zimeanza kuoza, zitenge na nyingine na uzinakili haraka. Filamu za nitrati, zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi sana. Ukikuta filamu ya zamani inayonata, imegeuka rangi ya kahawia au inatoa unga, usiiweke kwenye skana yenye joto na usiifungie kabatini nyumbani. Wasiliana na makumbusho.

Umefaulu ikiwa ukikuza nakala kwenye kompyuta unaweza kusoma herufi zilizo ubavuni mwa meli au behewa kama zinavyosomeka kwa kioo cha kukuzia kwenye picha yenyewe.

## Hatua ya 4: Ipe kila picha namba kabla ya kuipa maelezo

JIN-0001-mbele, JIN-0001-nyuma. Namba hiyohiyo iandike kwa penseli, kwa wepesi, kwenye bahasha ya picha. Kwenye lahajedwali weka safu: namba, mwenye picha, aliyeinakili, ukubwa kwa sentimita, maneno yaliyo nyuma jinsi yalivyo, mahali, si kabla ya, si baada ya (hizi mbili nazieleza hatua ya 6), ushahidi, ruhusa.

Maneno ya nyuma yanakili neno kwa neno, na makosa yake. Usiyasahihishe. "Jinga pier" iliyoandikwa na ofisa aliyekosea inabaki "Jinga pier" kwenye safu yake. Maoni yako yana safu nyingine.

## Hatua ya 5: Thibitisha kwamba ni Jinja

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tusiharakishe.

Jina la Uganda lisikudanganye. Reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilitoka Mombasa na kufika ziwani Desemba 1901 mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, lilipohamishiwa upande ambao baadaye ukawa Kenya. Kwa hiyo kadi ya posta yenye maneno "Uganda Railway" na gati yaweza kuwa ya Kisumu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Picha ya meli inayoungwa mabamba nchi kavu ichukulie kuwa ya Kisumu hadi upate ushahidi mwingine: meli kubwa za kwanza za ziwa zililetwa vipandevipande kutoka Uingereza na kuunganishwa pale.

Meli yenye gurudumu kubwa nyuma si ya gati la Jinja. Hizo zilifanya kazi upande wa Ziwa Kyoga na bandari yake ilikuwa Namasagali, mwisho wa reli ya Busoga iliyofunguliwa 1912 kutoka Jinja. Wasafiri walishuka meli ya Ziwa Viktoria hapa Jinja, wakapanda treni hadi Namasagali, wakaingia meli nyingine. Albamu moja hubeba bandari zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na mwenye albamu ameandika "Jinja" mara moja tu juu.

Maporomoko matatu. Ripon yalikuwa mdomoni kabisa mwa ziwa: ngazi moja fupi ya maji, pana, imekatwa na visiwa vya mawe na miti, na nyuma yake unaona maji tulivu ya ziwa. Owen yalikuwa chini kidogo mtoni, ziwa halionekani. Bujagali yalikuwa chini zaidi, na yalikuwa mfululizo wa maji yanayoruka juu ya mawe, si ngazi moja. Ukiona uso wa ziwa juu ya maporomoko, ni Ripon.

Pima kama picha imegeuzwa. Negativu ikiwekwa kinyume, kulia kunakuwa kushoto. Maandishi yakiwemo utajua mara moja. Yasipokuwepo, tumia mto. Mto Nile hapa unaelekea kaskazini. Ukisimama ukingo wa Jinja ukitazama Njeru, mji wa ng'ambo ya mto, maji yanatoka kushoto kwenda kulia. Ukisimama Njeru ukitazama Jinja, yanatoka kulia kwenda kushoto. Mwelekeo usipolingana na mandhari, kuna kosa: ama picha imegeuzwa, ama umekosea ukingo.

Mwisho wa hatua hii nenda mahali penyewe. Simama pale alipokuwa mpiga picha, inua simu, linganisha mstari wa vilima. Majengo hubomolewa lakini vilima vya ng'ambo haviendi popote.

Umefaulu ikiwa unaweza kuweka alama kwenye ramani mahali kamera ilipokuwa na upande ilikoelekea. Usipoweza, andika "huenda ni Jinja" na uendelee.

## Hatua ya 6: Pata miaka miwili, si mwaka mmoja

Usiandike "1930" kwa sababu picha inaonekana ya 1930. Andika miaka miwili: *si kabla ya* na *si baada ya*, na kila mmoja uwe na ushahidi wake. Mwanzoni miaka hiyo itakuwa mbali. Kila ushahidi mpya unaisogeza karibu.

Kwa Jinja, alama ninazozitegemea zaidi ni hizi.

Maporomoko na bwawa. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954, na maporomoko ya Ripon yakafunikwa na maji. Picha yoyote ya Ripon yakimwagika ni ya kabla ya hapo. Picha yoyote yenye ukuta wa bwawa uliokamilika haiwezi kuwa ya kabla ya miaka hiyo. Kati yake kuna picha za ujenzi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940. Zitambue kwa kreni na saruji. Familia nyingi zina picha ya ndugu aliyefanya kazi pale, amesimama na kofia juu ya kifusi.

Madaraja. Daraja la reli juu ya Nile lilifunguliwa 1931, treni zikafika Kampala. Daraja jipya la nyaya lilifunguliwa Oktoba 2018. Mto usio na daraja, ukiwa umesimama mahali ambapo daraja la reli lingeonekana, ni wa kabla ya 1931.

Herufi kwenye mabehewa na injini. UR ni Reli ya Uganda, hadi 1926. KUR ni ya kuanzia 1926, reli ilipochukua majina ya Kenya na Uganda. EAR, yaani Reli za Afrika Mashariki, ni baada ya 1948, ilipounganishwa na ya Tanganyika. Shirika la Reli la Uganda, URC, lilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Ila kumbuka: herufi inakupa *si kabla ya* tu. Behewa halikupakwa rangi upya siku jina lilipobadilika. Behewa la KUR lilionekana njiani miaka kadhaa baada ya 1948.

Meli. Soma jina kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, au kwenye boya la uokoaji. Clement Hill ilianza kazi 1907, Usoga 1913, Victoria 1961. Meli hizi ziliishi miaka mingi, kwa hiyo nazo hukupa mwanzo, si mwisho.

Stempu na fedha. Kwenye kadi ya posta, stempu yenye majina ya East Africa na Uganda Protectorates ni ya kabla ya 1922. Ya Kenya na Uganda peke yake ni ya 1922 hadi 1935. Tanganyika inaongezeka 1935. Mhuri wa posta ukisomeka, una siku kamili ya *si baada ya*. Usiufanye kuwa siku picha ilipopigwa, maana kadi ziliuzwa miaka mingi. Bango la duka lenye bei kwa rupia linakurudisha kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Majengo yenye mwaka. Wenye maduka wa Kihindi wa Main Street walipenda kuandika jina na mwaka wa ujenzi juu kabisa ya ukuta wa mbele. Tembea barabara nzima ukiangalia juu, andika kila mwaka na mahali pake kwenye ramani. Ukishakuwa na orodha hiyo, picha ya barabara inajisoma yenyewe: jengo fulani lipo, la jirani bado ni kiwanja. Hakuna kazi ya siku moja itakayokulipa kuliko hii.

Maji ya ziwa. Ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, likafunika magati na fukwe. Likafikia tena kimo hicho Mei 2020. Picha ya gati lililozama, watu wakiwa na mavazi ya miaka ya sitini, usiitafutie mbali. Namasagali nayo iliacha kuwa bandari mwaka 1962, baada ya mafuriko hayo kuanza.

Gugu maji. Mkeka wa kijani wenye maua ya zambarau ulionekana kwenye Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na ukaziba magati katikati ya miaka ya 1990. Picha yenye gugu maji haiwezi kuwa ya utawala wa kwanza wa Rais Obote, miaka ya 1960, hata aliyekupa aape.

Bendera. Tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya Uingereza ilishushwa.

Ufukwe mtupu. Hii si alama ya kupatia mwaka, bali onyo la kusoma. Picha za mwanzo wa karne zinaonyesha ufukwe usio na watu, na wageni waliandika kana kwamba nchi ilikuwa haina wenyewe. Ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa, na kuanzia 1906 serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia mbali na maji. Maelezo yako yasirudie uongo wa kwamba palikuwa pori. Yaseme wazi kwamba watu walikufa na wengine wakahamishwa.

### Mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Tuseme umepewa picha ya gati. Marobota ya pamba yamepangwa, wachukuzi wawili wameinama, nyuma yao kuna behewa na omo wa meli uliokatwa. Nyuma ya picha pameandikwa "Jinja, vita".

Vita vipi? Kuza behewa: herufi ni K.U.R. Basi si kabla ya 1926, na Vita vya Kwanza vimeondoka. Kuza meli: herufi za mwisho mbili ni "GA". Usoga na Rusinga zote zinaishia hivyo, kwa hiyo jina halijathibitika, liache. Angalia karatasi: kingo zimekatwa kama meno, mtindo wa miaka ya 1930 hadi 1950. Angalia ziwa: gati liko juu ya maji vizuri, basi si wakati wa mafuriko ya sitini.

Unaandika: *si kabla ya 1926, si baada ya karibu 1960, maneno ya nyuma yanaelekeza 1939–1945*. Unaongeza ushahidi wote. Ukipata picha ya pili yenye ghala lilelile na mhuri wa tarehe, utarudi kuipunguza.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine akisoma safu yako ya ushahidi, bila wewe kuwapo, anafika kwenye miaka ileile.

## Hatua ya 7: Kaa na wazee, na uulize vizuri

Chapisha picha kubwa, angalau ukubwa wa karatasi ya A4. Mzee asilazimishwe kukodolea simu.

Salimia, kaa, kula ulichopewa. Usifungue bahasha dakika ya kwanza. Kisha mpe picha na unyamaze.

Swali likiwa "Jjajja (yaani babu au bibi), hapa ni kwenye gati, si ndiyo?" atakubali, kwa adabu. Uliza, "Jjajja, unaona nini hapa?" Aanze yeye. Wengi hawaanzi na jengo. Wanaanza na mtu, kiatu, aina ya gunia, kofia ya msimamizi. Fuata huko. Aliyebeba mizigo atakuambia robota lilibebwaje na nani alilipwa lini, mambo ambayo hakuna ofisa aliyeyaandika.

Miaka usiiulize kwa namba. Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya bwawa au baada? Malkia alikuwa ameshakuja? Wahindi walikuwa bado wapo? Ulikuwa umeshaolewa, mama? Majibu hayo unayageuza kuwa miaka mwenyewe.

Rekodi sauti kwa ruhusa. Jinja kila mtu ana lugha yake ya nyumbani: Lusoga, Luganda, Kiswahili cha reli na kambini, Kinubi, Kigujarati. Mwache aseme kwa ile inayomjia, tafuta wa kutafsiri baadaye.

Wawili wakipingana, usiwapatanishe. Andika kauli zote mbili na majina ya waliosema, kama wameruhusu.

## Hatua ya 8: Andika maelezo mafupi yanayobeba uzito

Kila picha ipate maneno yasiyozidi themanini: nini kinaonekana, wapi, miaka miwili, jambo moja ambalo mtazamaji asingeliona bila wewe, na chanzo.

Mfano: *Wachukuzi na marobota ya pamba, gati la Jinja. Kati ya 1926 na karibu 1960. Behewa la nyuma lina herufi za KUR. Tazama kitambaa begani mwa mchukuzi wa kushoto: ndicho kilichomkinga na waya za robota. Picha ya familia, Walukuba.*

Usiandike "wenyeji" pale unapoweza kuandika kazi yao. Usiandike "mtu asiyejulikana". Andika "jina bado linatafutwa". Mjukuu wake anaweza kuwa ndiye anayesoma.

## Hatua ya 9: Panga hadithi

Sasa ndipo unasimulia. Tandaza picha sakafuni zote. Mpangilio rahisi ni wa miaka, lakini kwa bandari napendelea kupanga kwa kazi: kilichoingia, kilichotoka, aliyebeba, aliyelipwa. Pamba inasafirishwa kwa meli kupitia ziwani. Reli inafika kutoka Tororo mwaka 1928 na mizigo inaanza kuhama. Daraja la 1931 linaivusha hadi Kampala. Umeme wa 1954 unaleta viwanda. Hapo mtazamaji anaona kwa macho yake jinsi gati lilivyopungukiwa kazi wakati mji wenyewe ukikua. Hilo ndilo simulizi la Jinja, na picha zinalisema vizuri kuliko aya ndefu.

Palipo na pengo, liache lionekane. Kama huna picha ya miaka ya 1972 hadi 1979, weka fremu tupu na uandike unachotafuta.

## Hatua ya 10: Ruhusa, kisha onyesho

Sheria ya haki miliki ya Uganda ya mwaka 2006 iliipa picha ulinzi wa miaka 50 tangu ilipopigwa. Hata muda huo ukiwa umepita, picha iliyotoka nyumbani mwa mtu ni ya kuombea ruhusa. Fomu iseme wazi: kuonyesha tu, kuchapisha, au kuweka mtandaoni. Mwenye picha abaki na nakala ya fomu, picha yake ya asili, na chapisho jipya zuri la kuweka ukutani kwake.

Kabla ya kuonyesha, hifadhi faili mahali patatu: kompyuta, diski inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni.

Onyesho la kwanza lifanye karibu na sehemu yenyewe: ukumbi wa shule, msikiti au kanisa, baraza la duka. Chini ya kila picha tundika penseli kwa uzi na karatasi yenye maneno mawili, "Unajua zaidi?" Weka mtu wa kuandika kwa niaba ya wasioweza kuandika. Jioni kusanya karatasi zote, ziingize kwenye safu ya ushahidi pamoja na jina la aliyetoa habari, na utembelee kila aliyeacha namba ya simu ndani ya wiki hiyo, kabla hajasahau alichotaka kukuambia.

Maelezo yakibadilika, chapisha upya kibandiko chake na uweke tarehe ya marekebisho kwenye kona ya chini, ili aliyepiga picha toleo la kwanza kwa simu yake ajue kwamba kuna lililo jipya.